Leseni ya Kuegesha

Ilikuwako nchi moja, na huenda ipo bado, ambayo jina lake halitajwi humu kwa sababu serikali yake ililipeleka jina hilo kufanyiwa ukarabati na mkandarasi hajalirudisha. Wananchi walijizoesha kuiita "hapa". Mtu akiulizwa anatoka wapi, anajibu "hapa", na mgeni akitaka maelezo zaidi anaonyeshwa chini kwa kidole. Zaidi ya hilo haikuwa nchi ya ajabu. Mvua zilinyesha, watoto walizaliwa, viongozi walihutubia.

Katika mji wake mmoja, Kitopeni, waliishi mume na mke, Mwalimu Shomvi Pazi na Bi. Siwatu. Mwalimu alikuwa amestaafu kufundisha jiografia. Angeweza kukutajia mito yote ya mabara ambayo hakuwahi kuyakanyaga, lakini usukani wa gari hakuwahi kuushika. Hakuwa na haja nao. Dereva wa nyumba alikuwa Siwatu, mfanyabiashara wa nazi, ambaye kwa miaka mingi alizunguka na pikapu yake ya buluu akinunua huku na kuuza kule. Mumewe alikaa upande wa pili, mkoba mapajani, akimsimulia habari za mito.

Basi Siwatu akapata mtoto wa jicho, macho yote mawili. Wakapanda basi hadi Hospitali Kuu, ng'ambo ya milima, na daktari akayapasua yote kwa mkupuo mmoja. Madaktari wa nchi nyingine hawafanyi hivyo, ila siku hiyo umeme ulikuwepo na huyu hakutaka upotee bure. Akamzungushia bendeji nene kichwani, akasema, "Hii haifunguliwi na mtu yeyote ila mimi. Rudini wiki ijayo. Mkichelewa sana, siwaahidi kitu."

Wakarudi nyumbani kwa basi, Siwatu amemshika mumewe mkono, wote wawili wana matumaini. Kesho yake asubuhi, Waziri wa Mwendo na Utulivu, Mheshimiwa Daktari Lameki Tundwe, akazungumza na taifa redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimefanya uchunguzi wa kina kuhusu ajali za magari, na nimegundua kwamba katika kila ajali ya gari palikuwa na gari. Serikali sikivu haiwezi kulinyamazia jambo hili. Kuanzia saa hii, leseni zote za udereva zimepumzishwa. Aliyeendesha maisha yake yote na ambaye hajagusa usukani, wote ni madereva wapya. Kila mmoja atasoma Kozi ya Elimu ya Udereva kwa Madereva Wapya, mtandaoni, nyumbani kwake, kwa raha zake. Akifaulu, ataendesha. Agizo hili linahusu chombo chochote chenye gurudumu."

Polisi ni watu waaminifu, wakalichukua agizo neno kwa neno. Walisimamisha mabasi na malori, kisha baiskeli, mikokoteni na matoroli. Hospitali ziliamriwa kuvua magurudumu ya viti vya wagonjwa. Fundi cherehani mmoja alikamatwa kwa sababu ya gurudumu la cherehani yake, akaachiwa kwa dhamana na kuonywa asishone kwa kasi.

Matokeo yalionekana mara moja. Wiki ile hapakutokea ajali hata moja. Waziri akajenga katikati ya mji mkuu sanamu kubwa ya zege yenye umbo la sifuri, na katika uzinduzi wake alilia kidogo. Nchi jirani zilituma wajumbe kuja kujifunza. Walitembea kwa miguu kutoka mpakani. Mtu mmoja tu, mwandishi wa habari aliyekuwa na viatu vimekwisha soli, aliuliza ni wangapi wamefaulu kozi hiyo mpaka sasa. Akajibiwa kwamba kufaulu si jambo la kukimbilia.

*

"Nitaisoma," Mwalimu alimwambia mkewe.

"Wewe?"

"Mimi."

Siwatu alikuwa amekaa mkekani, ameegemea ukuta, kichwa cheupe kwa bendeji. Alifikiri kidogo. "Mwalimu, siku ile nilikuomba uisogeze gari kivulini. Ulikaa ndani mpaka jua likazama, ukaja kuniambia kivuli kimefika chenyewe."

"Nilikuwa sijasoma kozi."

"Bora nisome mimi. Mimi najua kuendesha."

"Kozi inataka kamera iyaone macho ya mwanafunzi."

Mwalimu akaitoa kompyuta aliyozawadiwa siku ya kustaafu, akaipangusa vumbi, akajisajili.

Somo la kwanza liliitwa "Ijue Wizara Yako". Lilikuwa wasifu wa Waziri, kuanzia alipozaliwa, pamoja na picha yake akiwa amesimama kando ya gurudumu kwa namna ya kuaminisha kuwa yeye ndiye aliyelibuni. Masharti yalikuwa mepesi: mwanafunzi atazame mbele muda wote. Akigeuza shingo, msichana asiyeonekana alisema kwa sauti tamu kama ya tangazo la sabuni, "Mwanafunzi, umetazama pembeni. Dereva mwema hutazama mbele. Tutaanza upya."

Mwalimu alianza upya kwa sababu ya inzi. Akaanza upya kwa sababu ya chafya. Akaanza upya kwa sababu Siwatu alisikia harufu akauliza kama uji unaungua, na kweli ulikuwa unaungua. Siku ya kurudi hospitali ilipowadia, Waziri alikuwa bado yuko darasa la nne, na ikapita hivyohivyo.

Siwatu hakulalamika. Alikuwa mtu wa kubishana na mawakala wa nazi mpaka wanapunguza bei kwa uchovu, lakini sasa alikaa kimya, akipapasa ukingo wa bendeji kwa kidole. Mwalimu aliona, na ukimya ule ukamtisha kuliko ugomvi. Kila asubuhi alimpangusa mashavu kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, akizunguka bendeji kama mtu anayepiga deki kando ya kitanda cha mtoto aliyelala.

"Kunawasha ndani," Siwatu alisema siku moja. "Hivi nikifunguliwa nikakuta giza lilelile, utanifanyia nini?"

"Nitakusimulia kila kitu nilichokiona."

"Wewe hujawahi kuona kitu, Mwalimu. Ulikuwa unasoma."

Mwalimu alikaa mbele ya kompyuta siku hiyo bila hata kumeza mate. Waziri akakua, akaoa, akateuliwa, somo likaisha.

Yakafuata masomo ya ufundi, na hapo Siwatu akachangamka kidogo, maana hayo alitarajia kuyaelewa. Msichana wa sabuni aliuliza, "Breki ni nini?"

"Kitu cha kusimamishia gari," Siwatu alisema kutoka mkekani. "Bonyeza twende."

Mwalimu akabonyeza. Skrini ikawa nyekundu. Jibu sahihi lilikuwa: breki ni ishara ya dereva kuitii mamlaka.

"Na klachi?" Siwatu aliuliza baada ya muda.

"Klachi ni mshikamano wa kitaifa."

"Gia?"

"Ngazi za maendeleo. Lakini rivasi haimo. Wanasema serikali hairudi nyuma."

"Sasa mtu akiingia kwenye kichochoro kilichoziba, anatokaje?"

Mwalimu alisoma kwa makini. "Kozi inashauri asiingie."

Swali lililowasumbua kuliko yote lilihusu makutano ya barabara. Umefika kwenye makutano ukakuta msafara wa Mheshimiwa. Je, utasimama? Utasimama na kuzima injini? Utasimama, utazima injini na kushangilia? Mwalimu alijaribu yote kwa zamu na yote yalikataliwa. Siwatu ndiye aliyelipata, kwa hasira tu. "Waambie hukuwepo," alisema. Na kweli chini kabisa ya skrini kulikuwa na jibu la nne: "Sikupaswa kuwapo." Mwalimu akabonyeza, tarumbeta zikalia ndani ya kompyuta, na msichana wa sabuni akampongeza kwa uzalendo.

*

Lilibaki jaribio la vitendo, ambalo lilifanyika palepale mezani. Mwanafunzi aliendesha gari la kwenye skrini kwa vitufe vya mishale, akapita katika Barabara ya Taifa ya Mtandaoni. Barabara hii ilikuwa imejengwa na Wizara kwa gharama ambayo ilitosha kujenga barabara, na ilikuwa nzuri kupita kiasi. Haikuwa na shimo. Kando yake palikuwa na maua, taa za usiku zilizowaka mchana, na wananchi waliotabasamu kwa mpangilio.

"Nieleze," Siwatu alisema.

"Ni laini, Siwatu. Kama shuka iliyopigwa pasi."

"Iko wapi hiyo?"

"Hapa," Mwalimu alisema, na kwa mara ya kwanza neno hilo likamtatiza.

Alikwenda vizuri. Alipita shule, akapita kiwanda ambacho hakijawahi kujengwa, akapita daraja. Alishaanza kuona neno "hongera" likichungulia mwisho wa barabara pale mbuzi alipotokea. Alikuwa mbuzi mweupe mwenye madoa meusi, na alitoka kwenye maua bila kutazama kulia wala kushoto. Mwalimu alitafuta kitufe cha utii kwa mamlaka asikione. Kompyuta ikatoa mlio mfupi, skrini ikasimama.

"Umeua," alisema msichana wa sabuni, kwa utamu uleule.

Kabla ya adhuhuri walifika askari wawili, wamechoka kwa kutembea, wakampa Mwalimu wito wa kufika mbele ya Baraza la Ajali. Hawakumfunga pingu. Pingu, walieleza, zilikuwa kwenye gari, na gari lilikuwa linasubiri dereva afaulu.

*

Baraza liliketi katika ukumbi wa mji wa Kitopeni, na Waziri alikuja mwenyewe, maana jambo lilikuwa zito. Yeye pekee hakuhusika na agizo lake. Msafara wake ulipoingia mjini, watu walitoka nje kusikiliza sauti ya injini, na bibi mmoja alifumba macho akavuta ule moshi kwa hamu, kama anayenusa kitoweo cha zamani.

Ukumbini alikuwepo Mwalimu kwenye kiti cha mshtakiwa, Siwatu kando yake na bendeji yake, na mlalamikaji, mfugaji mmoja aitwaye Bwana Mchengo, aliyedai mbuzi ni wake.

"Ulimtambuaje?" Waziri aliuliza.

"Kwa madoa, Mheshimiwa. Nilikuwa nyumbani nasoma kozi, nikamwona akipita kwenye skrini. Nikamwambia mke wangu, huyu si Sikitu wetu?"

"Na Sikitu sasa yuko wapi?"

"Yuko nje, nimemfunga kwenye nguzo."

"Yuko hai?"

"Huyo wa nje yuko hai, Mheshimiwa. Mimi nalalamikia yule wa ndani."

Waziri aliandika jambo, akatikisa kichwa kwa huzuni. Mwalimu akasimama, akapata ujasiri wa kusema kwamba barabara ile haipo, gari lile halipo, na kwa hiyo mbuzi yule hakuwepo.

"Kaa chini, Mwalimu," Waziri alisema kwa upole. "Unataka kuliambia Baraza kwamba Barabara ya Taifa ya Mtandaoni haipo? Niliizindua mimi. Nilikata utepe."

Mwalimu akakaa.

"Tatizo langu si mbuzi," Waziri aliendelea, na sasa alionekana mtu mwenye mzigo. "Tatizo langu ni sifuri. Nchi hii haina ajali. Tumejenga sanamu. Nikikubali kwamba huyu bwana amegonga, sifuri inakuwa moja. Mhandisi ameniambia zege limeshashika, haligeuziki kuwa moja bila kubomolewa. Nikikataa kwamba amegonga, nitakuwa nimesema mfumo wetu umedanganya, na mfumo haudanganyi. Kwa hiyo amegonga, na ajali haikutokea. Wataalamu wangu wamekaa na jambo hili siku nzima."

Ukumbi mzima ulikaa na jambo hilo kwa muda. Kisha Siwatu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei, "Huyo mbuzi alikuwa amesoma kozi ya waenda kwa miguu?"

Waziri alimtazama yule mwanamke aliyefungwa macho. "Haijaanzishwa."

"Basi alikuwa barabarani bila elimu."

Waziri aliinuka, akanong'ona na washauri wake, akarudi uso ukimng'aa. Hukumu ilisomwa palepale. Mbuzi alipatikana na hatia ya kuvuka Barabara ya Taifa bila kuhitimu. Kilichompata hakikuwa ajali, kilikuwa utekelezaji wa sheria. Bwana Mchengo alitakiwa kumpa Sikitu wa nje onyo kali. Na Mwalimu Shomvi Pazi, kwa kuwa hakuna jambo lolote lililotokea, amefaulu, maana kumfelisha kungewafanya watu waulize kwa nini.

Makofi yalipigwa. Mwalimu alimshika Siwatu mkono.

"Hata hivyo," Waziri alisema akimkabidhi leseni, "utaelewa kwamba hatuwezi kukuachia hivihivi ukaenda kuhatarisha sifuri. Utaanza na Daraja la Kuegesha. Ni leseni kamili. Inakuruhusu kuegesha gari mahali popote katika nchi hii. Kuwasha injini kutakuja baadaye, vizazi vikikomaa."

*

Walirudi nyumbani taratibu, Mwalimu akimwongoza mkewe kando ya mitaro. Walipofika uani, Siwatu akaweka mkono juu ya boneti ya pikapu.

"Nisomee tena alivyosema."

"Kuegesha gari mahali popote katika nchi hii."

"Hospitali Kuu iko katika nchi hii?"

Mwalimu, aliyefundisha ramani maisha yake yote, alifikiri kwa uangalifu. "Iko."

"Basi twende tukaegeshe."

Asubuhi iliyofuata, Mwalimu alikaa nyuma ya usukani, injini imezimwa, Siwatu pembeni yake. Majirani wakaja kusukuma. Wakaegesha mbele ya msikiti. Kutoka hapo wakaegesha sokoni, kisha penye kisima, kisha mwisho wa mji. Habari zilienea, na watu wakawa wanajitokeza njiani. Mama mjamzito alipandishwa nyuma kwa heshima. Akaja Bwana Mchengo, taya limevimba kwa jino, Sikitu akimfuata kwa kamba.

"Mwalimu, sina ubaya nawe," alisema kwa shida. "Kesi ilikuwa kesi. Hospitali wana mtu wa meno?"

"Wanaye. Shika hapo nyuma, sukuma."

Kila walipokutana na polisi mambo yalikuwa yaleyale. Askari aliinua mkono, akauliza wanakwenda wapi.

"Hatuendi," Mwalimu alijibu, akitoa leseni yake. "Tunaegesha."

Askari aliigeuza leseni mbele na nyuma, akailinganisha na sura, akazunguka gari. Hakuna sheria iliyosema maegesho mawili yawe mbali kiasi gani. Mmoja aliuliza mbona gari linasogea wakati anaongea nao, Mwalimu akamweleza kuwa wanatafuta kivuli.

Mlima uliwachosha. Walisukuma wakapumzika, wakasukuma, wakaweka mawe nyuma ya matairi, na Siwatu aliyasikia mapafu ya watu yakilia kama mivukuto. Alitaka kushuka asukume, wakamkatalia. Walipofika kileleni, kila mtu aliruka nyuma ya pikapu kupumzika, hata Sikitu, na hapo ndipo Mwalimu alipoiona njia inayoteremka mbele yake, yenye kona na mashimo, haifanani hata kidogo na ile ya mtandaoni.

Pikapu ikaanza kujiegesha yenyewe.

"Siwatu," Mwalimu alisema, "linakwenda."

"Nasikia. Shika usukani usiukabe. Unaona nini?"

"Kona. Kushoto."

"Usikate mapema. Ngoja uione inavyofunguka. Kuna shimo upande wa mwembe mkavu, lilikuwepo tangu nilipokuwa msichana."

"Lipo. Limekua."

"Lipe upande wa kulia."

Upepo uliingia madirishani, wagonjwa nyuma walikaa kimya kama wako kwenye swala. Kasi ikaongezeka. Mwalimu akasahau Wizara, akasahau mshikamano wa kitaifa, akauliza kwa sauti isiyo yake, "Breki nifanyeje?"

"Kanyaga kidogo, achia. Kidogo, achia. Usikanyage kama unaua mende."

Akakanyaga kidogo, akaachia. Gari likapunguza mwendo, likamsikiliza. Alikata kona, na nyingine, na nyingine, Siwatu akimtajia njia gizani na yeye akimwambia anachokiona, mpaka mteremko ukaisha na pikapu ikatulia yenyewe chini ya mlima, karibu na ukuta wa hospitali, kimya.

Mwalimu aligundua kwamba analia. "Breki," alisema, "inasimamisha gari."

"Nilikuambia," Siwatu alisema, akampapasa goti mpaka akatulia.

*

Daktari alishangaa kuwaona. Tangu agizo litoke alikuwa amepokea tu wagonjwa wanaoishi jirani na uzio. Alifungua bendeji taratibu, tabaka baada ya tabaka, akikunja uso kwa sababu ya siku zilizopita. Mwalimu alisimama mbele ya mkewe, mkoba kifuani. Tabaka la mwisho likatoka. Siwatu akafumbua jicho moja, akapepesa, akafumbua la pili. Machozi yakamtoka tu.

"Unaona nini, mama?" daktari aliuliza.

Siwatu alimtazama mumewe kutoka juu mpaka chini. "Kumbe umekonda hivi," alisema.

Daktari akacheka kwa ahueni. Akampa miwani mikubwa myeusi, yenye kufunika nusu ya uso, akamwagiza asiivue mchana mpaka macho yazoee mwanga.

Walipotoka nje, Siwatu alisimama mlangoni. Wasukumaji walikuwa wamelala kwenye nyasi, viganja vimechubuka, miguu imevimba. Mama mjamzito alibaki wodini, lakini Bwana Mchengo alikuwa tayari, jino limeng'olewa, pamba mdomoni, akinyoosha mgongo kwa ajili ya safari ya kurudi. Siwatu aliutazama mlima, akawatazama tena watu wake. Kisha akanyoosha mkono kwa mumewe.

"Ufunguo."

"Siwatu, wewe huna leseni."

"Najua."

Mwalimu alimpa. Siwatu akapanda upande wake wa siku zote, akasogeza kiti mbele, akawasha. Injini ilikohoa ikakubali, na watu wote wakainuka kwenye nyasi bila kuambiwa, wakapanda nyuma. Mwalimu alikaa pembeni, mkoba mapajani.

Chini ya mlima, penye kizuizi kilichowekwa baada ya wao kupita, alisimama askari kijana. Aliisikia injini kabla ya kuiona. Alifikiri kwa haraka, na alifikiri kama alivyofundishwa: hakuna anayeendesha gari nchini ila mwenye leseni kamili, mwenye leseni kamili hayupo, na asiyehusika na agizo hilo ni Waziri peke yake. Pikapu ilikuwa ya buluu na nyuma yake kulikuwa na mbuzi, lakini yeye alikuwa nani hata ahoji usafiri wa wakubwa. Kisha akaiona ile miwani myeusi, na shaka yote ikamwisha. Akainua kizuizi, akakakamaa, akapiga saluti.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mwanangu," Siwatu alisema. "Habari za kazi?"

"Salama, Mheshimiwa. Sifuri tupu." Askari aliinama, akachungulia upande wa pili. "Na huyu uliye naye, Mheshimiwa?"

"Huyu ndiye mtu pekee mwenye leseni katika nchi hii."

Uso wa askari ulibadilika. Akarudisha mkono kwenye mkanda wake, akazunguka mpaka kwenye mlango wa Mwalimu, akaufungua. "Wewe teremka," alisema. "Tukukague."

Mwalimu akateremka. Pikapu ikapita chini ya kizuizi, wagonjwa wakimpungia askari, naye akiwapigia saluti mmoja mmoja mpaka akamfikia Sikitu. Kisha akaanza kazi. Aliikagua leseni kwa jua. Alimtaka Mwalimu aeleze ilikuwaje mtu wa Daraja la Kuegesha akutwe ndani ya gari linalotembea. Alimtaka ataje breki ni nini. Mwalimu alifungua mdomo kusema ukweli, akamwona mkewe kule mbele anamsubiri, moshi ukitoka taratibu nyuma ya gari.

"Breki ni ishara ya dereva kuitii mamlaka," alisema.

"Vizuri. Nenda, lakini kwa miguu."

Akapita chini ya kizuizi kwa miguu, akatembea barabarani katikati ya vumbi la matairi, mtu mzima mwenye mkoba, mpaka akaifikia pikapu. Bwana Mchengo aliinama kutoka nyuma, akamfungulia mlango.

"Umechelewa," Siwatu alisema.

"Nilikuwa nakaguliwa."

"Wamekukuta na nini?"

"Na leseni."

Siwatu aliingiza gia ya kwanza. "Itie mfukoni," alisema. "Huko mbele kuna vizuizi vingine."